Usivunje korido ya nyumbani kwa kuiga sebule ya London

Tulioko Uingereza tunapotuma pesa za kukarabati nyumba ya wazee Tanga, Dar es Salaam au Morogoro, maelekezo yanayofuatana na pesa siku hizi ni yaleyale: ukuta wa korido uondoke, sebule, meza ya chakula na jiko vikae pamoja. Picha anayotumiwa fundi imepigwa London. Mimi naipinga picha hiyo, na sababu zangu ni moshi, joto na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Tuanze na huku. Zile nyumba za safu za enzi ya Malkia Victoria, ambazo wengi wetu tunaishi ndani yake, hazikujengwa wazi. Mbele zilikuwa na vyumba viwili, jiko na mahali pa kufulia vikawa nyuma, na choo mara nyingi kilikuwa nje kabisa. Kwa maneno mengine, Mwingereza naye alikuwa na uani wake. Alivunja kuta baada ya kupata mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, gesi ya bomba na feni za kutoa hewa. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni iliyo juu ya jiko itoe nje lita 30 za hewa kwa sekunde. Ikiwekwa kwingine jikoni, lita 60. Ukiondoa feni hiyo kwenye ile picha nzuri, kinachobaki ni makochi yanayonuka vitunguu.

Na ukuta huku hauvunjwi kienyeji. Mhandisi hupiga hesabu ya boriti la chuma, boriti hukalia kitako imara kila upande, na mkaguzi huliona kabla halijafunikwa. Ukitaka kuchimbia boriti hilo kwenye ukuta mnaochangia na jirani, sheria ya mwaka 1996 inakutaka umpe notisi miezi miwili kabla. Sisi tunatuma picha ya matokeo, huku hesabu na ukaguzi tukiviacha Heathrow.

Nyumba ya Kiswahili ina mantiki yake: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mlango wa nyuma, kisha uani penye jiko, bafu na choo. Fungua milango yote miwili na upepo unapita nyumba nzima. Mlango wa chumba unaotazama korido unaweza kushinda wazi ukiwa na pazia tu, na hewa ikaingia dirishani na kutokea koridoni. Vunja ukuta, mlango huohuo sasa unatazama wageni sebuleni. Utafungwa mchana kutwa. Tofali za saruji zilizokunywa jua, hasa za upande wa magharibi, zitarudisha joto usiku ndani ya chumba kisicho na njia ya hewa, na hapo ndipo linapokuja wazo la kununua kiyoyozi.

Jiko ndilo linaloniuma zaidi. Kama nyumba bado inatumia mkaa hata mara moja kwa wiki, kwa maharage au makande, jiko hilo lisiingie ndani: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua. Gesi ya mtungi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa chini. Dirisha la juu haliitoi. Chumba cha jiko la gesi kinahitaji tundu la hewa usawa wa sakafu, kwenye ukuta wa nje, pamoja na dirisha. Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu, mpira upite ukutani ndani ya kipande cha bomba, mbali na swichi na soketi. Na msiba ukitokea, masufuria makubwa yatapikiwa wapi kama uani pote pamejazwa vyumba vya kupangisha?

Sasa kenchi. Katika nyumba nyingi za zamani, kuta za korido zimebeba paa, kwa sababu mbao hazikuwa ndefu za kutosha kuvuka kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje. Kabla ya nyundo, mtu apande darini na tochi aone mbao zimekalia wapi. Fundi atasema, “Lenta itabeba,” yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango. Lenta iliyomwagwa juu ya ukuta ilikadiriwa kuvuka mlango wa sentimita 90. Ukiiondolea ukuta chini kwa mita 4 itapinda, nyufa zitatokea kwanza kwenye lipu juu ya pembe za uwazi, kisha bati litaanza kuvuja pale mbao ziliposhuka. Boriti la zege la kuvuka mita 4 kwa kawaida linafika kina cha sentimita 35 hivi. Nondo zake azipange mhandisi, na kila ncha ikae juu ya nguzo yenye msingi wake. Mirunda ya kuegemeza isitolewe kabla ya siku 14, hata kama fundi ana kazi nyingine Jumatatu. Zege linafikia nguvu yake iliyokusudiwa siku ya 28.

Gharama yote hiyo ni ya nini, wakati uwazi wa mita 1.8 kati ya sebule na chumba kimoja kinachopakana nayo unatosha kupata mahali pa kulia chakula? Acha kipande cha ukuta cha angalau sentimita 60 kila upande, weka lenta mpya inayoingia ukutani sentimita 20 kila ncha, na kuta nyingine za korido zibaki. Jiko la gesi lichukue chumba cha mwisho kinachopakana na uani, kiwe na mlango wa kutokea nje. Pesa inayobaki iende kwenye choo cha ndani kwa ajili ya wazee, kwa sababu hicho kweli kinahitajika.

Choo hicho kiweke mgongo kwa mgongo na jiko, ili mabomba yawe upande mmoja. Bomba la inchi 4 lishuke angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kila linapokata kona pawe na chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba. Kutoka kwenye chemba, bomba la hewa lipande juu ya paa, la sivyo harufu itarudi ndani. Sakafu ya bafu iwe chini kidogo kuliko ya chumba, lakini kizingiti kisiwe kirefu cha kumkwaza mzee. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufungukie nje. Kabla ya vigae, paka dawa ya kuzuia maji, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sentimita 3 na uache siku nzima. Ukuta wa chumba jirani ukilowa, afadhali ujue leo.

Kabla ya yote, mpango mzima uchorwe kwa chaki sakafuni kwa vipimo halisi: kitanda cha futi 5 kwa 6, mlango wa friji ukiwa wazi, njia ya sentimita 90 kuzunguka meza. Wanaoishi humo wapite juu ya mistari hiyo wiki nzima, kwa sababu wao ndio watakaobaki baada ya likizo yetu kwisha. Na ukilipa kwa awamu, awamu ya zege isitoke hadi utumiwe picha ya nondo na ringi zinazozifunga zikiwa bado wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, na awamu ya sakafu isitoke hadi uone mabomba kabla hayajafukiwa.