Karai halikumbuki mpangilio

Fundi yeyote wa mashine za boti hapa Mwanza ana karai lake. Kila anachochomoa kinatumbukia humo kwenye petroli: bolti, wosha, gasketi, pini, sili. Akimaliza kusafisha anaokota kimoja kimoja na kurudisha kwa kumbukumbu. Nimefanya hivyo miaka mingi, na leo nabishana na mazoea hayo, nikianza na ya kwangu: fundi achore anachokifungua.

Pampu ya maji ya mashine ya boti, ile inayovuta maji ya kuipoza, inakaa kwenye mguu, juu kidogo ya pangaboi. Ndani kuna impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapezi, inayozungushwa na shafti itokayo juu. Lakini impela haijashikana na shafti yenyewe. Katikati kuna kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha, sisi tunakiita kii. Kii isipokuwepo, shafti inazunguka na impela imetulia tuli kama mgeni wa siku ya kwanza.

Mzee mmoja wa dagaa aliniletea mashine ya farasi 40 pale Kirumba, jua linazama. Zilikuwa siku za giza, zisizo na mwezi, na mwenye karabai ya kuvutia dagaa anajua usiku mmoja wa giza ukimpita amepoteza nini. "Kijana wangu, nifanyie upesi, wenzangu wameshatoka." Nikabadilisha impela, nikafunga, na kwa ile haraka sikuijaribu kwenye pipa. Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa tayari limelala chini ya karai. Mashine ikawaka vizuri, wakaondoka, na gizani hakuna aliyetazama kama inakojoa maji, dalili kwamba pampu inavuta. Hawakufika mbali ikachemka mpaka pistoni ikakwama. Walirudi alfajiri kwa kasia. Nilipomwaga petroli nikaiona kii kwenye tope la karai, inang'aa. Pistoni, ringi na hasara ya usiku ule vyote vikawa juu yangu. Mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akanitazama nikihesabu hela, na afadhali angenigombeza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuchora nilikuwa nimesomea. Chuoni tulichora sura ya mbele, sura ya juu na sura ya ubavu mpaka vidole vikaota sugu. Mchoro wa kufumua ulikuja mwishoni kabisa, karibu na mtihani, kama kitu cha kupamba daftari. Nasema wa kufumua kwa sababu ndivyo tunavyosema gereji: injini inafumuliwa. Ni ule mchoro ambao vipuri vyote vinaonekana vimeachana hewani, kila kimoja kimevutwa kwa kufuata njia ileile kinayoingilia, na kistari chembamba kinaonyesha kitarudi wapi. Kwa kawaida unachorwa kwa mshazari: mistari ya wima inabaki wima, na ile inayolala kulia na kushoto inainuliwa nyuzi 30. Kila kipuri kinapewa namba ndani ya kiduara. Pembeni kuna jedwali: namba, jina, idadi, na namba ya kuagizia. Wosha mbili zinazofanana zinapewa namba moja tu, idadi inaandikwa 2. Basi. Hauhitaji kujua Kiingereza kuusoma, na nimeona mtu aliyeishia darasa la nne akiufuata bila kubabaika.

Si kitu kipya. Leonardo da Vinci, katika karne ya 15, alichora winchi ya kunyanyulia mizigo mara mbili kwenye ukurasa mmoja: upande huu imefungwa, upande wa pili imefumuliwa, gia zimepangwa kwenye mstari wake. Na sisi wa ziwani tumeishi na jambo hilo kwa chuma kabisa. MV Victoria ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikavuka bahari, ikapanda reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Kabla yake William Mackinnon ilizinduliwa Kisumu mwaka 1900, reli ikiwa haijafika, kwa hiyo vyuma vingine vilisafiri kwa wapagazi. Hebu fikiria sahani za chuma za meli nzima zimetawanyika ufukweni. Pasipo namba na mchoro, unaanza na ipi?

Sasa nenda duka la spea lolote mjini. Utamkuta mtu ametoka Ukara au Kome, amefunga kipuri kilichovunjika kwenye leso, anakiweka mezani: "Naomba kama hii." Muuzaji anakigeuza, anakipima kwa jicho, anatoa kinachofanana. Mteja anavuka maji na kufika kwao, anakuta kimezidi unene kidogo. Nauli imekwenda, siku mbili zimekwenda. Nadhani "kama hii" imetugharimu fedha nyingi kuliko dhoruba, ingawa hakuna aliyekaa akapiga hesabu.

Cha ajabu, kwenye beringi hatufanyi hivyo. Fundi baiskeli na fundi mota wote wanaomba 6205 na wanapewa 6205, kwa sababu wamezoea kwamba tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la milimita 25. Vipuri vya boti navyo vina lugha yake. Chukua Yamaha: namba yao ina mafungu matatu. La kwanza linataja mashine, la kati linataja aina ya kipuri, la mwisho linaonyesha toleo. 44352 katikati ni impela, iwe ya farasi 15 au ya farasi 40. Ukiwa na namba nzima unaagiza kwa simu ukiwa Ukerewe na unaletewa impela yenyewe. Lakini namba hiyo iko kwenye kitabu cha michoro, na kitabu mwenye boti amekifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Mashine za mtumba ndiyo kabisa, zinakuja uchi.

Kwa hiyo nasema hivi, na walimu wa ufundi wanisamehe: huu mpangilio wa masomo ugeuzwe. Kijana aanze na mchoro wa kufumua wiki ya kwanza, achore kitu alichokifungua kwa mikono yake, hata kwa penseli kwenye ubavu wa boksi. Zile sura tatu zitakuja siku atakapotaka fundi wa kukereza amtengenezee bushi, hapo atazipenda mwenyewe. Wengi wetu hatutabuni mashine maishani. Tutafungua na kufunga za watu.

Vijana wangu wananicheka. "Fundi, si napiga picha kwa simu?" Piga. Mimi mwenyewe napiga. Ila picha inaonyesha kilicho mbele yake. Ningeipiga ile pampu picha mia usiku ule, kii isingeonekana hata katika moja, maana imejificha ndani ya impela. Ukiwa unachora, mkono unafika pale kati ya shafti na impela na unakwama: hivi vinashikanishwa na kitu gani? Hapo ndipo unaikumbuka kii. Nakubali mchoro nao una mipaka yake. Haukuambii nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani, wala haukuonyeshi kipuri kilicholika, kwa kuwa kwenye karatasi kila kitu ni kipya.

Mmoja wao alinishinda lakini. "Mikono imejaa oili, penseli nishike na nini?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo mmoja anafungua, mwenzake mwenye mikono mikavu anachora, na mashine inayofuata wanabadilishana. Karai bado lipo, ila ndani yake sasa kuna makopo ya maziwa yenye namba za rangi, na namba hizo ndizo zilizo kwenye mchoro.

Juzi yule wa penseli alifika kwenye pampu, akachora kifuniko namba 1, kikombe namba 2, impela namba 3, bati la chini namba 4. Akahesabu makopo, akakuta yako matano. Akanitazama. Nikamwambia alichungulie la tano kabla hajaniuliza.