Santuri haina kosa, mashine ndiyo inakimbia
Eti taarab ya Tanga ya kwenye santuri inasikika nyembamba na ya haraka kwa sababu studio za enzi hizo zilikuwa duni, ndivyo makala moja inavyodai. Sikubali. Ubovu mwingi unaingia wakati wa kunakili santuri. Bandika kikaratasi kwenye lebo, shika saa, hesabu mizunguko ya dakika moja: iwe 45 kwa zile santuri ndogo. Ikifika 48, sauti imepanda nusu toni na kidogo, na mwimbaji Shakila anaimba kama mtoto wa chuoni. Besi ya Black Star au Lucky Star, vikundi vya Tanga, ikipotea, tazama sindano kwanza. Iliyolika inakwangua mfereji tu, na kuubebesha mkono wa sindano sarafu (mtindo wa wengi huo) ni kuichimba santuri. Pete ya lile tundu kubwa la katikati isipokaa sawasawa, gitaa linayumba kama ngalawa. Ukungu wa pwani ulioota kwenye santuri huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na tone la sabuni, lebo isilowe. Spiriti msiguse nayo zile santuri nzito za kale za mizunguko 78 kwa dakika, inaziyeyusha. Na nyimbo zilizokatwa zikaendelea upande wa pili, mnaoziunganisha mnauziba vipi ule mkato?