Moshi usioonekana nao ni moshi

Juzi nimetumiwa video ya tangazo. Meli kubwa ya utalii, nyeupe pee, inakata maji huku jua likizama, na dohani yake haitoi hata uzi wa moshi. Sauti nzito inatuambia kwamba meli hii inatumia gesi asilia, basi bahari na anga vimepona. Ubavuni wamechora jani la kijani, kwa faida yetu sisi wazito wa kuelewa. Aliyenitumia akaongeza chini: "Umeona? Na wewe kazi yako kulalamika tu."

Haya, nilalamike. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nianze kwa kuipa gesi haki yake, ingawa kwa shingo upande. Meli ikiacha mafuta mazito ikahamia gesi, salfa hutoweka karibu yote, masizi hupungua mno, na hewa ukaa inayotoka kwa kila kiasi cha nishati hushuka kwa karibu robo. Mtu anayeishi jirani na bandari anapumua vizuri zaidi, na hilo sibishani nalo. Tena si mchezo mpya: kivuko cha Glutra kilianza kutembea kwa gesi kule Norway mwaka 2000, wakati wengi wetu hatujawahi hata kusikia habari hizi.

Ila kuna kitu kinatoka kwenye dohani ile na kamera haikioni. Ni methani, yaani sehemu kubwa ya gesi asilia yenyewe, mbichi, imepita ndani ya injini na kutoka upande wa pili bila kuungua. Katika injini nyingi za gesi, zile za shinikizo la chini, gesi huchanganywa na hewa kwanza, kisha pistoni ndiyo inaugandamiza mchanganyiko. Sehemu ya mchanganyiko huo hubanwa kwenye upenyo mwembamba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, mahali ambapo moto haufiki. Nyingine hukaa kando ya kuta zilizopoa, na mwali hufa kabla ya kuigusa. Nyingine hupita moja kwa moja kwa sababu vali ya kutolea moshi ilikuwa haijafunga bado. Injini ikiwa na kazi nzito, hasara hii hupungua. Injini ikivuta kidogo, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, moto unazimika njiani, na methani inamwagika.

"Si kiasi kidogo tu?" Ndiyo jibu ninalopewa kila mara. Basi tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo watu wanapopigwa chenga.

Kilo moja ya methani ikiungua sawasawa hutoa kilo 2.75 za hewa ukaa. Kilo hiyohiyo ikitoroka mbichi, kwa kipimo cha IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, kinachohesabu joto la miaka 20, hupasha dunia joto sawa na kilo 82.5 za hewa ukaa. Sasa chukua kilo 100 za gesi, uzitie kwenye injini ya mipigo minne ya shinikizo la chini, aina iliyozoeleka kwenye meli za utalii na vivuko. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iitwayo FuelEU, iliyoanza kutumika Januari 2025, inakadiria kwamba injini hiyo hupoteza asilimia 3.1 ya gesi yake. Kilo 96.9 zilizoungua zinatupa kama kilo 266 za hewa ukaa. Kilo 3.1 zilizotoroka zina madhara sawa na kilo 256. Yaani kile "kiasi kidogo" kimekaribia kulingana na kazi yote ya injini! Ukipenda kipimo cha kuoneana huruma, cha miaka 100, ambapo methani ya visukuku, kama hii ya gesi asilia, huhesabiwa mara 29.8, unaongeza kilo 92, na ile faida ya robo niliyoikiri hapo juu inabaki kiduchu.

Na hayo ni makadirio ya mezani. Mwaka 2024 watafiti wa ICCT, shirika la utafiti wa usafiri safi, na wenzao walichapisha vipimo walivyochukua kwenye moshi wa meli zikiwa kazini, wengine wakitumia droni na helikopta. Kwa injini za aina hiyo wastani uliotoka ni asilimia 6.4. Mara mbili ya kilichoandikwa kwenye kanuni. Rudia hesabu ya miaka 20 kwa namba hiyo kisha uniambie jani la kijani lilichorwa kwa sababu gani.

Pengo hilo linatoka wapi? Kwa sehemu linatokana na namna injini zinavyopimwa. Zinafungwa kwenye kitanda cha majaribio kiwandani na kuendeshwa kwa mizigo minne: asilimia 100, 75, 50 na 25. Mzigo wa asilimia 75 mara nyingi ndio unaopewa uzito mkubwa zaidi, na chini ya 25 hakuna anayeuliza. Chini ya 25 ndiko uozo uliko. Rafiki yangu mmoja ni mhandisi wa mitambo ya meli, na nilipomuuliza alicheka kwanza. Akaniambia, "Kaka, tukikaribia bandari au tukipita mlango mwembamba, injini moja ingetosha kabisa. Tunawasha mbili, tatu, ili moja ikizima ghafla meli isibaki gizani. Zote zinanguruma bila kazi ya maana, na zote ziko kwenye gesi." Simlaumu, usalama ni usalama. Lakini hali hiyo, ambayo kwa meli ya utalii hurudi kila bandari, karatasi za kiwandani haziijui.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa zipo. Meli ikiwekewa betri za kushika nafasi ya ile injini ya akiba, injini moja inazimwa na iliyobaki inafanya kazi kwa mzigo unaoeleweka. Ikifungwa gatini, ichukue umeme wa nchi kavu. Injini kubwa za mipigo miwili za kampuni ya MAN zinazopuliza gesi kwa shinikizo kama mara 300 ya hewa ya kawaida hupoteza methani kidogo sana; kweli, zinatoa oksidi nyingi za nitrojeni na zinahitaji vifaa vya kuzisafisha, lakini vifaa hivyo vinajulikana. Watengenezaji wengine, WinGD, wanarudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda, na wanasema upotevu unaweza kupungua hadi nusu. Wärtsilä nao wameboresha injini zao za mipigo minne. Vichocheo vya kuunguzia methani kwenye bomba la moshi bado ni kazi ngumu: molekuli ya methani ni sugu, paladiamu, madini yanayotumika kwenye kichocheo, inataka moshi wa moto sana, na salfa kidogo tu inatosha kukiua kichocheo. Hapo nawapa watengenezaji muda.

Wasiostahili muda ni wanaotunga hesabu. Tangu 2026 soko la kaboni la Ulaya, ambako wenye meli hulipia uchafuzi wao, linaihesabu methani ya meli, na hiyo ni hatua, sikatai. Lakini ukihesabu kwa makadirio, mwenye injini inayovuja asilimia 6 analipa kama mwenye 3, na aliyetumia fedha zake kuziba upenyo hapati hata asante mpaka ajisumbue kuthibitisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Huko IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, Oktoba 2025 walikusanyika kupitisha mfumo wa kutoza uchafuzi wa meli duniani, wakaishia kuahirisha kwa mwaka mmoja. Meli zinazoagizwa katika mwaka huo wa kusubiri zitakuwa baharini kwa miaka 25 au zaidi.

Mimi ningeanza na jambo dogo. Kila meli ya gesi iwekewe kipimo kwenye dohani, kisome methani muda wote, ikiwa baharini na ikiwa inajikokota kuingia bandarini, na bili itokane na kilichosomwa. Teknolojia ya kupima ipo. Watu wameshapima kwa droni, sembuse kwa bomba lililo juu ya kichwa chako. Asiyetaka kupimwa atozwe kwa kiwango cha injini chafu kuliko zote katika kundi lake. Tuone kama hatakuwa amenunua kipimo kabla wiki haijaisha.