Hidrojeni haisafishi silikoni

Juzi nilikuwa juu ya bati huku Nkuhungu, nafuta vumbi kwenye paneli na kijana ninayemfundisha ufundi wa sola. Akaniambia, "Mwalimu, hii ndani haina uchafu. Chuoni tuliandikiwa kwamba hidrojeni inasafisha metali zote kwenye silikoni."

Nilishuka ngazi na hasira. Kijana sina ugomvi naye, kaandika alichosomewa. Tatizo langu ni hilo neno, "inasafisha". Linatoka daftari hadi daftari na hakuna anayelisimamisha.

Metali ikishaingia kwenye silikoni, ile malighafi ya seli za paneli, iwe shaba, nikeli au platinamu, hidrojeni haiitoi. Inaishika papo hapo ilipo. Atomu ya metali ni mtego: elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) hukutana hapo na kupotea kabla ya kutoa umeme. Hidrojeni ikijifunga kwenye atomu hiyo, mtego unaweza kuzimika. Ukimfunga mbuzi kamba pembeni mwa shamba, uwele wako utapona, lakini mbuzi yupo. Ukimpeleka mnada wa Msalato, huyo ndiye ametoka. Kazi ya mnada hufanywa na fosforasi: kwenye tanuru inavutia metali hadi tabaka la juu, mbali na sehemu inayofanya kazi. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa!

Na kamba yenyewe si ya kuaminika kila mara. Platinamu iliyoshikwa na hidrojeni mbili bado ina makali. Joto la nyuzi mia kadhaa hufungua vifungo vingi vya namna hiyo. Bati la Dodoma halifiki huko, lakini tanuru la kiwandani linafika.

Kinachoniuma zaidi ni chuma. Atomu moja ya chuma kwa kila atomu bilioni 50 za silikoni inatosha kuidhoofisha seli. Miaka kadhaa watafiti waliona chuma kikipungua baada ya seli kupakwa utando wa naitraidi ya silikoni na kuchomwa, wakaipa hidrojeni sifa. Watafiti wa Australia walipochunguza vizuri, wakakuta ule utando wenyewe ndio uliokuwa unafyonza chuma. Wataalamu wenye maabara walirudi wakasahihisha. Sisi tunashindwa nini kusahihisha notisi?

Haya, nakubali: hidrojeni ina kazi kubwa. Inaziba vifungo vya atomu vilivyokatika kwenye uso wa silikoni na kwenye mipaka ya fuwele, na bila hiyo paneli za bei nafuu zingekuwa dhaifu sana.

Nilimwonyesha kijana ile rangi ya bluu. Huo ndio utando, unene wake kama nanomita 75, na hidrojeni ya seli hutokea humo, inapochomwa sekunde chache kwenye nyuzi karibu 800. Aliinamia kioo akautazama muda mrefu. Kisha akakaa kwenye kivuli cha tangi, akatoa daftari, akakata "inasafisha" na kuandika "inafunga". Chini yake akaongeza: "Chuma, muulize mwalimu tena."