Streptomaisini kwenye maua ya matufaha: lawama imezidi

Aliyewahi kuchomwa sindano za antibayotiki ya streptomaisini kutibu kifua kikuu, ukimwambia kwamba Marekani dawa hiyohiyo hupigwa kwenye mitufaha, atashtuka. Ana haki. Ila mshtuko huo umezaa msimamo kwamba dawa ya binadamu isiguse mti kabisa, na hapo wakulima wa matufaha wanaonewa.

Bakteria wanaopambana naye, Erwinia amylovora, hupenyea kwenye ua. Siku chache za joto na mvua kidogo zinamtosha. Chipukizi hunyauka, ncha ikajikunja kama mpini wa bakora, majani yakaning'inia meusi kama yamebabuliwa na moto. Mei 2000, kusini-magharibi mwa jimbo la Michigan, aliua mitufaha kati ya 350,000 na 450,000; hasara ilikadiriwa dola milioni 42. Na mtufaha si mahindi, kwamba utapanda tena uvune msimu ujao.

Halafu tazama kiasi. Mwaka 2002 wataalamu wa magonjwa ya mimea walikadiria kuwa mimea yote ya Marekani hutumia chini ya asilimia 0.5 ya antibayotiki za nchi hiyo. Zidisha mara kumi ukitaka: hata asilimia 5 hufikii. Tena mitufaha hupigwa wakati wa maua, miezi kadhaa kabla ya tunda kuchumwa. Mbona lawama haigawanywi kwa kipimo hichohicho?

Wapinzani wana jibu zito: usugu, yaani bakteria kuzoea dawa isiwaue tena, hausubiri tani. California uligunduliwa kwenye mapea mwaka 1971. Michigan ulikuja na jeni za usugu ziitwazo strA na strB, zinazohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na jeni hizo zimepatikana pia kwa bakteria wa binadamu. Hilo silipuuzi. Ndiyo maana kwenye michungwa nilikuwa upande wao: ugonjwa wake hujificha ndani ya mishipa ya mti, dawa haiuponyi, na unyunyiziaji hauna mwisho. Kibali cha streptomaisini kwa michungwa kilichotolewa 2021 kilifutwa na mahakama 2023.

Huambiwa pia kwamba wakulima wa kilimo hai wameacha antibayotiki tangu Oktoba 2014 na bado wanavuna. Ni kweli, wanatumia hamira maalumu na shaba. Lakini sehemu kubwa ya matufaha hayo hutoka jimbo la Washington, kwenye mabonde makavu. Michigan mvua huyakuta maua yamefunguka.