Mbuzi ya Ghorofa ya Tano

Nimeandikiwa barua ya onyo. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, niliyeoa kwa mahari na mashahidi, nimeamka leo Jumanne nikakuta karatasi imechomekwa chini ya mlango. Imechanwa kwenye daftari la mistari na kuandikwa kwa kalamu nyekundu: "E4. MBUZI ITOKE KABLA YA IJUMAA. HAPA SI BOMA."

Nikaisoma mara mbili, nikampa mwenzangu. Badala ya kusikitika na mumewe, akakaa sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Na alikaa sakafuni kwa sababu viti bado hatuna, mwezi wa pili huu.

Jamani, mimi sina mbuzi. Yaani ninayo, lakini sina. Ninayo ile ya kukunia nazi, ya mti, yenye kiti cha kukunja na ulimi wa chuma, ambayo bibi yake mwenzangu alimpa siku tunaondoka Tanga. Tumevuka nayo mpaka wa Horohoro. Upande wa Kenya, pale Lungalunga, afisa akafungua begi, akaiona, akatabasamu kama aliyekutana na shangazi yake, akafunga zipu. Mtu wa Pwani haelezwi. Tabu ilianza tulipoanza kupanda huku bara.

Siku ya kuhamia, vijana wawili wa mkokoteni wanatupandishia vyombo ngazini. Mimi niko juu nachungulia, namwona mmoja kaining'iniza ile kitu kichwa chini, ulimi unapita karibu na jicho la mwenzake. Nikapiga ukelele: "Ee bwana wee, taratibu na hiyo mbuzi, itakata mtu!" Milango minne ikafunguliwa kwa mpigo. Nikadhani wanakuja kutukaribisha.

Baada ya hapo ni kuta. Kuta za hapa Zimmerman, Nairobi, jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Kwa hiyo ploti nzima imesikia mwenzangu akiuliza, "Mbuzi umeiweka wapi?" na mimi nikijibu, "Iko bafuni, naikosha." Wamesikia, "Leo njoo uikalie wewe mbuzi, mimi mgongo unauma." Halafu wakasikia kru, kru, kru, robo saa nzima. Sasa wewe ungekuwa E5 ungefikiri nini?

Kwetu sarufi ingeniokoa. Mbuzi mwenye ndevu amelala, mbuzi ya nazi imelazwa, na mtoto wa darasa la pili anajua ni ipi. Nairobi yote ni "iko". Mbuzi iko, nazi iko, keteka, yaani msimamizi wa jengo, naye ukimuulizia utaambiwa iko.

Naye jana jioni alikuja. Keteka wetu ni mtu wa heshima zake, kiunoni funguo zisizopungua arobaini, unamsikia akiwa ghorofa ya pili. Akagonga.

"Mtanzania. Mbuzi iko wapi?"

"Iko jikoni, nyuma ya mlango. Karibu ndani."

Akashtuka. Nadhani alitegemea nikane.

"Jikoni? Inakula nini?"

Nikajua ananitania, nami kwetu ni Tanga, utani haunishindi. "Nazi moja kwa siku. Tukiwa na wageni, mbili."

"Nazi tupu?"

"Kwani kwenu mnaipa nini?"

Akanyamaza. Nikaona anatoa simu, anaandika kitu. "Na imekaa hapa siku ngapi?"

"Tangu tuhamie. Lakini umri wake mkubwa, ilikuwa ya bibi. Huyu mwenzangu amekulia juu yake."

Hapo ndipo nilipoona uso wake si wa utani. Nikaenda nikaileta, nikaikunjua, nikaiweka katikati ya sebule. Akaitazama. Akaizunguka.

"Hii ni kiti."

"Hii ni mbuzi."

"Mtanzania, mimi sijauliza kiti. Nimeuliza mbuzi."

Ikabidi nichukue kizio cha nazi, niketi, nikune. Mtu mzima nimekaa chini goti huku goti kule, nakuna nazi mbele ya keteka kama niko kwenye usaili wa kazi. Unga mweupe unadondoka kwenye sinia. Akaonja kidogo, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni tamu. Akasema pole kwa kunisumbua. Nikajua yameisha.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama daktari: "Sawa. Sasa mbuzi yenyewe iko wapi?"

Wallahi aliinama akatazama chini ya kitanda. Akafungua boksi la viatu! Akaenda bafuni, akavuta pazia, akanusa. Alipokosa hakusema hakuna. Alisema, "Umeihamisha." Akashuka na funguo zake, na leo nimepata barua.

Na kuna la kuuma zaidi. Huu mtaa unaitwa Zimmerman kwa jina la Mjerumani ambaye kazi yake ilikuwa kuchuna wanyama waliowindwa na kuwajaza, wakasimama kama wazima. Mtu aliyejaza wanyama amepewa mtaa. Mimi na kiti cha bibi napewa hadi Ijumaa.

Majirani nao wameshaigawa. Mama wa E3 alinisimamisha ngazini, akanishika mkono kwa upendo ambao hakuwahi kunionyesha, akasema nikichinja nisimsahau kwa matumbo. Kijana wa E6 kachukua kichwa na miguu, ana mpango wa supu. Wa chini, wa duka, anataka paja moja na atalipa mwisho wa mwezi. Nimehesabu, nimebaki na ngozi.

Sikatai, hapa kuna mazuri. Kodi unalipa mwezi kwa mwezi, si miezi 6 kwa mkupuo kama tulivyokuwa tunakamuliwa kwetu. Nilifurahi sana, hadi walipoleta dipoziti ya nyumba, kisha dipoziti ya umeme, kisha dipoziti ya maji. Dipoziti ya maji! Labda maji yenyewe wameyapeleka benki.

Maana siku ya kwanza keteka aliniambia, "Hapa maji ni Jumanne na Jumamosi, nunua mitungi kumi." Nikamtazama. Mitungi kumi ya gesi mtu na mkewe, tunafungua hoteli? Nikaenda dukani nikaomba mtungi mmoja, nikaletewa dumu la njano la lita 20. Nikasema hapana, mtungi, wa kuwashia moto. Muuzaji akalitazama dumu, akanitazama mimi, akalirudisha ndani na kusogeza kibiriti mbali. Halafu wananiambia ninywe maji ya mfereji. Mfereji kwetu ni ule unaopita nyuma ya soko, una vyura. Siku tatu nimenunua maji ya chupa kumbe wanasema bomba.

Wamasai walipaita hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Enkare ndiyo maji. Waliokuja baadaye wakakata neno la mbele wakabakiza la nyuma, na sisi wapangaji tukapewa hivyohivyo: baridi ipo, Enkare bado.

Na baridi ya mwezi wa saba msinitajie. Tulikuja na blanketi moja. Tanga kazi yake ilikuwa kukunjwa miguuni pa kitanda ili wageni walione. Huku ndiyo katiba ya ndoa. Tunalala tumegawana sawa, ikifika saa kumi alfajiri lote liko upande wake, amejiviringisha kama sambusa, mimi nimeshika pindo. Nikivuta ananiuliza usingizini, "We vipi, buda?"

Buda! Miezi miwili tu, keshashika Kisheng cha Nairobi. Kazi ndiyo iliyotuleta, na ni yake, basi huko kazini ndiko wanakomharibu. Siku moja nilimsikia kibandani anasema, "Nipe sukuma ya ishirini," bila shikamoo, bila naomba, na akapewa papo hapo. Mimi nilisimama palepale nikasema, "Naomba nyanya, mama yangu," mama wa watu akanihurumia akanipa moja ya bure. Na za kulipia nikiambiwa 50 nazidisha kwa ishirini, napata 1,000 ya kwetu, narudisha. Mwenzangu amenikataza kuzidisha hadharani.

Mboga, kwa kweli, hatununui tena. Tangu wiki iliyopita watoto wa ploti wanaacha majani mlangoni. Majani ya kabichi, maganda ya viazi, na jana fungu zima la sukuma, freshi, limefungwa kwa kamba. Ya mbuzi. Mimi nilitaka nikawaeleze ukweli. Mwenzangu akanitazama, akalifungua fungu, akaanza kukata.

"Lete nazi," akasema.

"Keteka je?"

"Tandika taulo chini ya miguu ya mbuzi, ukune polepole. Nafungulia redio."

Kwa hiyo niko hapa, mwanamume na heshima zangu, nakuna nazi kwa kunyata. Kru. Natulia. Kru. Kule nje nasikia funguo zinapanda, ghorofa ya pili, ya tatu... Lo! Si funguo. Bomba linakoroma. Jumanne leo! Mwenzangu, acha hiyo redio, mitungi iko wapi?