Acheni Seva Iulize Saa!

Jamani, kwa nini seva bado zinaachwa zijipangie saa? Itifaki ya NTP ipo tangu 1985! Kazi yake ni kuuliza saa sahihi kwenye intaneti, basi. Halafu mtu anafunga poti ya UDP 123 (mlango wa NTP) kwenye fayawoli (ukuta wa kulinda mtandao), anaondoka zake. Saa inateleza kimyakimya. Kerberos, mfumo wa kuhakiki watumiaji ambao kwa kawaida huvumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu, inafukuza kila mtu. Neno la siri sahihi, mtumiaji yuleyule, mlango umefungwa! Vyeti vya usalama navyo, kwa saa iliyobaki nyuma, eti havijaanza kutumika. Na logi (kumbukumbu za matukio ya seva) je? Jibu limetangulia swali! Nani atatafuta hitilafu humo bila kuchanganyikiwa? Fungueni poti hiyo, tafadhali. Na wekeni vyanzo vinne vya saa, si kimoja.